Maunti ya Kuhifadhi Picha: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Ubao, Kuukata na Kufunga Fremu

Nilipofungua fremu ya picha ya bibi mzaa baba, nilianza na vimisumari vinne vya nyuma, vyote vimeota kutu. Selotepu ya kahawia iliyozungushwa pembeni ilikatika vipande vikavu kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na kipande cha boksi la sabuni, na chini ya boksi ndiyo picha: bibi amekaa kwenye kiti cha studio, kanga mabegani, mkono mmoja juu ya meza ndogo yenye maua. Nikaigeuza. Mgongoni mwa picha palikuwa na mistari ya rangi ya chai, imenyooka na kupangana kutoka ukingo hadi ukingo. Ilikuwa ni mifereji ya lile boksi. Kwa miaka yote hiyo boksi lilikuwa likijichapa kwenye picha, mfereji kwa mfereji. Na mbele, pale kadi yenye dirisha ilipogusa picha, palikuwa na ukanda wa kahawia pande zote nne.

Fremu yenyewe ilikuwa ya mninga, imepigwa vanishi vizuri, haina hata ufa. Kioo kizima. Aliyelipia alilipia vinavyoonekana, na picha ikaliwa na visivyoonekana.

Mwongozo huu unahusu hivyo visivyoonekana, yaani ubao wa karatasi unaokaa kati ya picha na kioo, na mwenzake unaokaa mgongoni mwa picha. Kama pesa yako ni kidogo, itangulize hapo. Fremu unaweza kubadilisha wakati wowote, lakini picha iliyoungua haibadilishiki.

Maunti inafanya kazi gani

Ubao wenye dirisha katikati, ambao picha huonekana kupitia kwake, mimi naita maunti, kama wanavyoita mafundi fremu wengi. Wateja hudhani ni pambo. Pambo ni kazi yake ya mwisho. Kazi ya kwanza ni kuitenga picha na kioo. Picha za zamani zina tabaka la jelatini juu, na jelatini ikipata unyevu hulainika na kunata. Kwa sisi tunaoishi Dar, Tanga, Unguja au Mombasa, masika moja inatosha kuigandisha picha kwenye kioo isitoke tena. Unene wa maunti ndio unaoacha nafasi ya hewa hapo katikati. Kazi ya pili ni kuficha na kulinda vishikizo vinavyoibeba picha, ili isiwepo haja ya kuipaka gundi mgongo mzima.

Seti kamili basi ni mbao mbili za karatasi zilizounganishwa kama jalada la kitabu: wa mbele wenye dirisha, wa nyuma mzima. Wengi hununua ubao mzuri wa mbele halafu nyuma wanaweka chochote. Picha inagusana na ubao wa nyuma kwa eneo lake lote, kwa hiyo huo wa nyuma ndio usiofaa kabisa kuufanyia ubahili.

Kwa nini ubao wa kawaida huchoma

Karatasi nyingi tangu katikati ya karne ya 19 hutengenezwa kwa mti uliosagwa. Ndani ya mti kuna selulosi, ambayo ni nyuzi zenyewe, na kuna lignini, inayozigandisha nyuzi hizo na kuufanya mti usimame. Lignini ikikutana na mwanga, joto na hewa hubadilika rangi na kutoa asidi. Gazeti ulilosahau dirishani kwa wiki moja limekuonyesha jambo hili tayari. Asidi hiyo haikai ilipozaliwa. Husafiri, kwa kugusana na hata kwa hewa, hadi kwenye karatasi iliyo jirani, ikaikatakata nyuzi mpaka karatasi iwe kavu na ya kuvunjika.

Angalia maunti yoyote ya zamani pale dirisha lilipokatwa mshazari. Kama kiini kilichokuwa cheupe kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, na juu ya picha kuna mstari wa rangi hiyohiyo unaofuata ukingo wa dirisha, basi picha imeungua. Mstari huo haufutiki kwa kifutio. Mtaalamu wa uhifadhi anaweza kuupunguza kwenye baadhi ya michoro ya karatasi, ila kwa picha ya kamera mara nyingi ndiyo basi tena.

Kuchagua ubao

Madaraja yapo matatu. La chini ni ubao wa mapambo, kiini chake ni mti uliosagwa wenye lignini. Unatosha kwa bango la kalenda ambalo mwakani utalitupa. La kati ni ubao wa selulosi safi, yaani mti uliosafishwa mpaka lignini ikatoka. Kwenye lebo huandikwa "alpha cellulose" au "conservation". La juu ni ubao wa pamba tupu, lebo yake husema "100% cotton rag" au "museum". Pamba kwa asili haina lignini ya kuhesabika, ndiyo maana hauhitaji kusafishwa sana, na rangi yake ni ileile kuanzia juu hadi kiini.

Neno la kuliangalia kwa makini ni "acid-free" likiwa peke yake. Kiwanda kinaweza kuchukua ubao wenye lignini, kikauchanganyia chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, ukipimwa siku hiyo hauna asidi. Lebo haisemi uongo. Lakini lignini imo, inaendelea kutoa asidi, na chokaa ikishamalizika hakuna cha kuizuia. Unachotafuta ni maneno mawili kwa pamoja: hauna asidi, na hauna lignini.

Chokaa yenyewe si mbaya. Ubao mwingi wa daraja la kati na la juu huwekewa kidogo ili umeze asidi inayotoka hewani au kwenye picha yenyewe, na pH yake (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 ni asidi) hukaa juu ya 7, mara nyingi kati ya 8 na 9. Kwa michoro ya karatasi, chapa, ramani, vyeti na picha nyingi za rangi nyeusi na nyeupe ubao wa namna hiyo unafaa. Picha za buluu za sayanotaipu, na kazi zenye hariri au sufu, ziwekee ubao usio na chokaa, wenye pH karibu na 7. Ukiwa huna hakika picha yako ni ya aina gani, chukua usio na chokaa na utalala usingizi.

Kwa picha za kamera kuna alama moja zaidi ya kuitafuta: herufi PAT. Hilo ni jaribio la kimataifa, kiwango cha ISO 18916, ambalo ubao huwekwa pamoja na vipande maalumu vya picha katika joto na unyevu mwingi ili ionekane kama utaifubaza au kuitia madoa. Kuna ubao usio na asidi unaofeli jaribio hili kwa sababu ya rangi au gundi iliyomo. Kwa picha ya bibi nilichukua wa pamba, rangi ya maziwa, uliopita PAT.

Ukikutana na ubao usio na lebo, zipo njia mbili za kujiridhisha. Kuna kalamu ya kupimia pH: unachora mstari kwenye kiini cha ubao, ukigeuka zambarau hauna asidi, ukibaki njano unayo. Ipime kwenye mabaki ya ubao tu, kamwe si kwenye picha, kwa kuwa wino wake haufutiki. Kalamu hiyo haioni lignini, kwa hiyo pima na kwa mwanga wa jua pia. Kata ukanda wa vidole viwili, nusu yake uifunike kwa karatasi ya aluminiamu, weka pembeni yake kipande cha gazeti cha kulinganishia, acha dirishani penye jua kali wiki mbili. Ukifunua ukakuta mpaka kati ya nusu hizo mbili, hasa kwenye kiini, huo ubao urudishe ulikoutoa.

Unene wa kawaida ni wa tabaka nne, takriban milimita 1.5. Kwa pwani, picha ikiwa kubwa kuliko inchi 16 kwa 20, napenda wa tabaka nane, wa milimita 3 hivi, kwa sababu karatasi kubwa hujikunja kwa unyevu na kukifikia kioo.

Kabla hujagusa picha

Nawa mikono kwa sabuni, kausha vizuri, usipake losheni. Kwa picha za kamera vaa glavu za nitrili zile za hospitali. Alama ya kidole kwenye jelatini hutokea baada ya miezi, wakati wewe umeshasahau. Tandika karatasi safi nyeupe juu ya meza. Chai ikae chumba kingine.

Picha za studio zetu za zamani, zile za Capital Art ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930, au za N. V. Parekh kule Mombasa, ni fedha halisi, yale madini, iliyo ndani ya jelatini juu ya karatasi. Ukiinamisha picha ya namna hiyo kwenye mwanga unaweza kuona mng'ao wa kibuluu, kama kioo, kwenye sehemu zake nyeusi karibu na kingo. Ni fedha iliyopanda juu kwa sababu ya unyevu na hewa chafu ya boksi, mbao na rangi za mafuta. Usiufute. Kuanzia miaka ya 1970 picha nyingi zimechapwa kwenye karatasi iliyopakwa plastiki, ambazo hazinyonyi maji mgongoni na kwa hiyo hazishiki gundi ya wanga. Hizi utazibeba kwa vishikizo visivyo na gundi, nitavieleza chini.

Ukikuta picha imegandia kwenye kioo, simama hapo. Usivute, usiweke maji, usipitishe wembe. Ipige picha au iskani ikiwa hivyohivyo, kupitia kwenye kioo, upate nakala. Kisha iache na kioo chake mpaka umpate mtu wa uhifadhi. Nimeona mtu akivuta, na uso wa aliyekuwa kwenye picha ukabaki kwenye kioo.

Selotepu iliyokwisha kukauka huanguka yenyewe. Ile inayonata bado, kata ukingo wake kwa mkasi uache kilichoshika picha kilivyo. Boksi lililogandia mgongoni chambua tabaka kwa tabaka ukiwa umeilaza picha uso chini, ukilivuta boksi kwa kulilaza na si kulinyanyua, ili boksi ndilo lijikunje na picha ibaki bapa.

Vipimo

Tuchukue picha ya inchi 8 kwa 10, yaani sentimita 20.3 kwa 25.4. Dirisha lifunike picha milimita 3 kila upande, kwa hiyo litakuwa sentimita 19.7 kwa 24.8. Kama picha ina ukingo mweupe wenye sahihi au muhuri wa studio, usiufiche. Panua dirisha liache ukingo wote wazi. Muhuri wa studio ni sehemu ya picha.

Sasa pande za maunti. Mimi huweka sentimita 6 juu na pembeni, na 7 chini. Ukiweka sawa kote, jicho huona kama picha inateleza kushuka. Jumla: upana 19.7 na 12, ni 31.7, urefu 24.8 na 6 na 7, ni 37.8. Fremu iwe na nafasi ya ndani ya sentimita 32 kwa 38.1, kwa sababu karatasi hutanuka wakati wa mvua, na isipopata pa kwenda hujikunja katikati.

Karatasi nzima ya ubao huuzwa inchi 32 kwa 40, yaani kama sentimita 81 kwa 101. Ukiipanga kwa pupa utapata vipande vinne vya saizi yetu. Ukivigeuza, urefu wa 37.8 mara mbili kwenye upande wa 81, na upana wa 31.7 mara tatu kwenye upande wa 101, utapata sita, yaani picha tatu na migongo yake. Na vile vipande vinavyotoka katikati ya madirisha usivitupe. Ni ubao uleule wa pamba, utavitumia nyuma ya picha ndogo.

Kukata dirisha

Hapa ndipo watu huogopa, na inachohitaji ni wembe mpya na mkono usioharakisha. Unahitaji rula ya chuma ndefu, penseli, ubao mwingine wa kukatia juu yake, na kikatio cha maunti, kile kinachoshika wembe kwa mshazari wa nyuzi 45. Kisu cha kawaida hukata wima, na kitafaa kama huna kikatio. Haitakuwa na ule mkato mweupe unaong'aa, lakini picha italindwa vilevile.

Chora mistari ya dirisha nyuma ya ubao, irefushe ipitane pembeni ili uone vizuri pembe zilipo. Weka chini kipande cha ubao chakavu. Wembe ukiingia kwenye meza hutetemeka na mkato unakuwa na meno. Badilisha wembe kwa kila maunti. Wembe ni rahisi kuliko ubao.

Ingiza wembe milimita moja na nusu hivi kabla ya pembe, vuta mara moja kwa kasi ileile, pitiliza pembe kwa kiasi hichohicho. Urefu huo wa ziada unalingana na unene wa ubao, kwa kuwa wembe umelala. Geuza ubao, rudia, mara nne. Kipande cha katikati kinapaswa kuanguka chenyewe. Kikishika kwenye pembe, usikivute. Ingiza wembe mtupu ndani ya mkato kwa mshazari uleule na umalizie nyuzi chache zilizobaki. Ukikivuta, pembe itachanika ndevu, na jicho la kila mgeni litaenda hapohapo.

Jifunze kwanza kwenye mabaki. Madirisha kumi ya majaribio, jioni mbili, mkono utaelewa.

Kuunganisha kama kitabu

Laza maunti kifudifudi, mgongo juu, na ubao wa nyuma kando yake nao sehemu ya ndani ikiwa juu, kingo ndefu zikigusana. Unganisha kwa utepe wa kitani wenye gundi ya kulowesha kwa maji. Kunja, zitafungana kama jalada. Kwa picha ya mlalo, unganisho liwe juu. Ukikosa utepe wa kitani, karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga itafanya kazi hiyo. Utepe wa dukani wa kahawia na selotepu ya pande mbili visikaribie kabisa. Gundi yake huchuruzika kwa joto letu na kutafuta picha ilipo.

Kuishikisha picha

Sheria niliyofundishwa, na ninayoishika, ni kwamba kila unachoweka kiweze kutoka bila kuumiza, na kishikizo kiwe dhaifu kuliko picha. Fremu ikianguka ukutani, kinachopaswa kuchanika ni bawaba ya karatasi, picha ibaki salama.

Kwa picha yenye ukingo mpana, njia bora ni pembe za karatasi, kwa kuwa gundi haiigusi picha hata kidogo. Chukua karatasi isiyo na asidi, kata ukanda wa upana wa sentimita 1.5 na urefu wa 6. Kunja mkono wa kulia kushuka kutoka katikati, kisha wa kushoto, upate paa la nyumba. Upande wenye mshono ulale chini kwenye ubao wa nyuma, kona ya picha iingie ndani. Shikisha mikia ya pembe kwenye ubao kwa vipande vya utepe wa kitani. Acha nafasi ya milimita moja au mbili ili picha ipumue.

Picha ya bibi ilikuwa imekatwa bila ukingo, pembe hizo zingeonekana kwenye dirisha. Kwa picha kama hiyo tengeneza mifereji. Kata ukanda wa karatasi wa sentimita 2.5, ukunje kwa urefu milimita 3 kutoka ukingoni. Ile sehemu pana ipakwe gundi ya wanga na kulazwa kwenye ubao wa nyuma, ule mdomo mwembamba ubaki juu. Weka mmoja chini na mmoja kila upande. Ikikauka, picha inateremshwa kutoka juu kama kadi kwenye mfuko wake, na midomo yote inafichwa na maunti. Nilipoiteremsha ya bibi ilisimama yenyewe, sikubandika kitu.

Kwa michoro ya karatasi, rangi za maji na chapa, tumia bawaba. Hii inataka karatasi ya Kijapani ya nyuzi za gome la mti wa kozo, nyepesi lakini ngumu kuchanika, na gundi ya wanga wa ngano. Si unga wa ngano. Unga una gluteni, na gluteni hugeuka njano, inakuwa ngumu, na mende wanaipenda. Wanga safi hununuliwa kwa wauza vifaa vya uhifadhi, lakini unaweza kuutoa mwenyewe jikoni. Kanda donge gumu la unga na maji, liache nusu saa, kisha lioshe ndani ya bakuli la maji ukiliminyaminya. Maji yatakuwa meupe kama tui. Mkononi utabaki na kitu cha kuvutika kama mpira; hiyo ndiyo gluteni, iweke kando. Chuja yale maji, yaache yatulie usiku kucha, asubuhi mwaga maji ya juu, ongeza mengine, rudia mpaka maji ya juu yawe maangavu. Kilichotuama chini ni wanga.

Sehemu moja ya wanga kwa nne au tano za maji, uukoroge juu ya moto mdogo bila kuuacha, kama unavyokoroga uji wa mtoto. Utaanza mweupe, utakuwa mzito ghafla, halafu baada ya dakika ishirini hivi utaanza kuangaza, nusu ya kuonekana ndani. Epua, acha upoe kabisa, upitishe kwenye chujio mara mbili, uongeze maji kidogo kidogo mpaka uwe laini kama mtindi. Hauna dawa ya kuzuia kuoza, na haifai kuitia. Ukae kwenye friji siku tatu nne, ukinuka umwage.

Karatasi ya bawaba usiikate kwa mkasi. Chora mstari kwa brashi yenye maji kisha ivute ichanike. Nyuzi ndefu za pembeni ndizo zinazoshika bila kuacha ukingo unaojitokeza upande wa mbele. Bawaba mbili, kila moja upana wa sentimita 2.5. Paka gundi kidogo kwenye milimita 5 za mwisho, ingojee ipungue maji, ishikishe mgongoni mwa mchoro kwenye ukingo wa juu, sio chini wala pembeni. Funika kwa kitambaa cha poliesta kisichoshika gundi, juu yake karatasi ya kunyonya maji, kisha uzito, uache saa nzima. Mkia wa bawaba unapanda kwenye ubao wa nyuma, na juu yake unabandika kipande kingine cha mlalo kufanya herufi T, ukiacha milimita 2 kutoka ukingo wa mchoro. Mchoro sasa unaning'inia kama kanga kwenye kamba. Mvua ikija unatanuka, kiangazi kikija unarudi.

Kufunga fremu

Mbao, maunti, picha na kioo vyote vikae siku mbili kwenye chumba kikavu kabla ya kufungwa. Ukifunga siku ya mvua, umefungia mvua ndani. Kama una AC, mahali pake ni hapo.

Kioo kisafishwe na kukauka kabisa kabla ya kukutana na chochote. Dawa inyunyiziwe kwenye kitambaa, si kwenye kioo. Chenye kichujio cha miali ya urujuanimno ni bora ukikipata. Plastiki ya akriliki ni nyepesi na haivunjiki kirahisi, lakini huvuta vumbi kwa umeme wake, hivyo usiiweke juu ya pasteli wala mkaa.

Nyuma ya seti usiweke hadibodi, plaiwudi wala MDF. Zote hutoa mvuke wa asidi. Ninachotumia ni ubao wa plastiki wenye mifereji, ule wa mabango ya wagombea na ya "nyumba inauzwa". Nunua mpya usiochapwa. Ni polipropilini, haitoi asidi, maji hayapiti na mchwa hawali. Panga kioo, maunti, picha, ubao wa nyuma, na ubao wa plastiki, kisha zungushia kingo utepe wa aluminiamu wa kubana, ukianzia mbele ya kioo milimita 2 tu hadi nyuma. Utepe huu unagusa kioo na plastiki, haufiki kwenye picha. Fungu hilo sasa vumbi na wadudu hawaingii kirahisi, na unyevu unabadilika ndani yake polepole. Ule mfereji wa ndani wa fremu ya mbao, fungu linapokaa, nao uvalishe utepe huohuo, na kama umepiga vanishi mpya, iache fremu wiki kadhaa mpaka harufu iishe.

Bana kwa vimisumari, kisha nyuma ya pembe mbili za chini bandika vipande vya kizibo au mpira wa milimita 5. Fremu isilale ukutani. Hewa ipite nyuma yake. Kuta za mawe ya matumbawe na zile zinazopigwa na mvua ya kusi hutoa maji usiku kucha.

Mahali pa kuitundika

Ukuta wa ndani ya nyumba, mbali na jiko, bafu na dirisha la mashariki au magharibi. Mwanga hujumlika: saa moja ya jua kila asubuhi kwa miaka kumi yote inabaki kwenye picha. Makumbusho mengi hushusha mwanga hadi lux 50 kwa rangi za maji na picha za zamani, ambao ni kama sebule yenye mapazia yamefungwa mchana. Kipimo kidogo cha unyevu ni kitu cha kununua. Kikikaa juu ya asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu wanajiandaa. Washa feni, fungua milango mchana, angalia nyuma ya fremu. Mimi huzishusha zote mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli.

Mwisho, kabla hujafunga, andika kwa penseli kwenye ubao wa nyuma, si kwenye picha: nani yuko kwenye picha, wapi, lini, ubao ni wa aina gani, gundi gani, na tarehe uliyoifunga. Kalamu ya wino huvuja. Nyuma ya bibi nimeandika jina lake na la baba yake, mtaa, na kwamba aliyenieleza ni shangazi. Mahali pa mwaka nimeacha wazi, kwa sababu shangazi anasema picha ilipigwa kabla ya harusi, na baba mkubwa anasema ni baada.